Maswali ya Wasomaji: Shamba la Divai Lililokaa katika Ukoo Mmoja tangu 1821

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Bagira, hapa Bukavu. Katika arusi ya mpwa wangu, mgeni aliyetoka Ulaya alileta chupa mbili za divai ya Ufaransa. Moja ilikuwa na jina Léoville Barton na nyingine Léoville Poyferré, na zote mbili zilitaja kijiji kimoja, Saint-Julien. Watu mezani wakabishana, wengine wakidai kwamba moja lazima iwe ya bandia. Mgeni alitueleza kwamba ile ya kwanza ni ya ukoo ambao umelishika shamba lake kwa karibu miaka mia mbili. Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka shamba la kahawa la marehemu baba kule Kabare, ambalo sisi watoto tulilikata vipande, na leo hakuna kipande hata kimoja kinachomlisha mwenye nacho. Kwa nini kuna Léoville zaidi ya moja? Na ukoo huo ulifanyaje hata shamba likadumu? (Mwalimu mstaafu, Bagira)

Ndugu Mwalimu, chupa zote mbili ni halali, na ubishi wenu wa mezani unahusu jambo lile lile lililolipata shamba la marehemu mzee wako. Léoville lilikuwa shamba moja. Katika karne ya 18 lilihesabiwa miongoni mwa mashamba makubwa ya Médoc, yaani ule ukanda wa mizabibu unaofuata ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, kaskazini mwa jiji la Bordeaux, na lilikuwa mali ya ukoo wa makabaila wa Las Cases. Mapinduzi ya 1789 yalipotokea, baadhi ya warithi walikimbilia ng'ambo, na serikali mpya, iliyokuwa ikitaifisha mali za makabaila waliokimbia, ikaichukua sehemu yao na kuiuza. Sehemu hiyo, ambayo ilikuwa kama robo ya shamba lote, ndiyo iliyofika mikononi mwa mfanyabiashara Hugh Barton mwaka 1826. Sehemu iliyosalia ikagawanywa tena na warithi wenyewe: tawi moja likabaki na Léoville Las Cases, na jingine, kwa njia ya ndoa ya binti wa ukoo na Baron de Poyferré, likawa Léoville Poyferré. Hivyo leo kuna Léoville tatu, majirani katika kijiji kimoja, na kila mmoja ana haki kamili ya kulitumia jina hilo.

Mgawanyo huo haukuziua. Mwaka 1855 Kaizari Napoléon III alitaka divai za Bordeaux zipangwe kwa madaraja ili zionyeshwe katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, na madalali wa Bordeaux, ambao walikuwa na kumbukumbu za bei za miaka mingi, wakayaweka mashamba bora ya divai nyekundu katika madaraja matano. Léoville zote tatu ziliingia katika daraja la pili. Naomba usilipite jambo hili haraka. Kila kipande kilibaki kikubwa kiasi cha kusimama peke yake, kikiwa na ghala lake, wafanyakazi wake na divai yake. Léoville Barton ya leo ina takriban hekta 50. Ukienda katika jimbo la Burgundy utaona kinyume chake. Shamba la Clos de Vougeot, lililoanzishwa na watawa wa Cîteaux katika karne ya 12, nalo lina takriban hekta 50, lakini hekta hizo zimegawanyika kati ya wenye mashamba wapatao 80, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 liliuzwa kwa wanunuzi kadhaa, na sheria ya kiraia ya 1804 iliamuru watoto wote wapate urithi sawa. Wapo wenye mistari michache tu ya mizabibu. Wanaishi kwa sababu divai ya Burgundy huuzwa kwa bei ya juu mno. Kahawa ya Kabare haijawahi kupata bei ya namna hiyo, na ndiyo maana vipande vyenu haviwalishi.

Sasa kuhusu ukoo wenyewe. Barton si Wafaransa kwa asili, ni watu wa Ireland. Thomas Barton aliwasili Bordeaux mwaka 1722 na akajenga biashara kubwa ya kuuza divai nje ya nchi. Alitajirika, lakini fedha zake aliziweka katika ardhi ya Ireland, wala hakujinunulia shamba la mizabibu Ufaransa. Wakati huo ilikuwapo sheria ya kale iliyompa mfalme wa Ufaransa haki ya kuchukua mali ya mgeni aliyefia nchini. Mtu angenunua ardhi kwa jasho lake, na watoto wake wasirithi kitu.

Mjukuu wake, Hugh, aliirithi biashara na akakutana na hatari nyingine. Mwaka 1793, katika kipindi cha Ugaidi wa Mapinduzi, alitiwa gerezani kama raia wa nchi adui, kwa kuwa Ireland wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza. Alipofunguliwa alirudi Ireland, na biashara ikabaki mikononi mwa mshirika wake Mfaransa, Daniel Guestier. Fikiria hali hiyo: mali iko nchi moja, mwenyewe yuko nchi nyingine, vita viko katikati, na kinachoilinda ni uaminifu wa mtu mmoja tu. Guestier hakumdhulumu. Mwaka 1802 waliuandikisha ushirikiano wao rasmi, na jina Barton & Guestier linajulikana katika biashara ya divai hadi leo.

Ile sheria iliyowanyima wageni urithi ilifutwa kabisa mwaka 1819. Mwaka 1821 Hugh alinunua shamba la Langoa, lenye nyumba nzuri iliyojengwa 1758, na miaka mitano baadaye akaongeza ile robo ya Léoville. Mimi sioni bahati nasibu katika mfuatano wa tarehe hizo. Naona mtu aliyengoja mpaka haki ya watoto wake ikawa salama, ndipo akaweka fedha yake ardhini. Robo ile ya Léoville haikuwa na nyumba wala ghala, kwa hiyo zabibu zake zikapelekwa Langoa, na hadi leo divai za mashamba hayo mawili hutengenezwa chini ya paa moja lakini kila moja kwa jina lake. Mwaka 1855 Langoa Barton iliwekwa daraja la tatu. Kati ya mashamba yote yaliyopewa daraja mwaka huo, ni Mouton Rothschild na haya mawili ya Barton tu yaliyobaki katika koo zile zile.

Usidhani hata hivyo kwamba miaka hiyo yote ilikuwa ya neema. Ronald Barton aliyachukua mashamba mwaka 1929, wakati biashara ya dunia ilipokuwa ikiporomoka. Mwaka 1940 ilimbidi akimbie mbele ya jeshi la Ujerumani, na kwa mara nyingine mtu wa ukoo wa Guestier ndiye aliyeyalinda, kwa kuwaeleza Wajerumani kwamba mwenye mashamba ni mtu wa Ireland, nchi isiyokuwa vitani. Ronald aliporudi alikuta mizabibu imechoka na kuzeeka, na ilimchukua miaka mingi kuirudishia nguvu. Mwaka 1949 ukoo uliliuza jumba lake kubwa la Ireland, Straffan House. Hapo ndipo unapoona walichokithamini: jumba la fahari likaenda, shamba linalozaa likabaki.

Ndugu Mhariri, nina mabinti watatu na kijana mmoja. Mume wangu alifariki, na mashemeji wanasema shamba ni la kijana tu kwa sababu mabinti wataolewa. Je, katika hayo mashamba ya zamani ya Ulaya, mtoto wa kike anarithi? Na wanazuiaje watoto wasilikate shamba? (Mama wa Kadutu)

Mama, pole kwa msiba. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Ronald Barton hakuwa na mtoto. Mtoto wa ndugu yake, Anthony, aliyezaliwa 1930 katika jumba lile la Straffan, alifika Bordeaux mwaka 1951 na kuanza kazi chini ya baba yake mdogo, na alikabidhiwa mashamba mwaka 1983, Ronald mwenyewe akiwa bado hai. Anthony alifariki mwaka 2022, lakini muda mrefu kabla ya hapo binti yake, Lilian Barton Sartorius, alikuwa tayari kazini pamoja naye. Lilian ndiye anayeyaongoza mashamba, akisaidiana na watoto wake Mélanie na Damien. Mélanie alisomea utengenezaji wa divai. Mwaka 2011 ukoo ulinunua hata shamba jingine, Mauvesin, katika eneo la Moulis. Kule Mouton Rothschild vilevile, Baron Philippe alipofariki mwaka 1988, ni binti yake Philippine aliyeshika uongozi mpaka alipofariki mwaka 2014. Hawa mabinti waliolewa, na ndoa haikuwatenga na shamba.

Swali lako la pili ni gumu zaidi. Sheria ya Ufaransa haimruhusu mzazi kumpa mtoto mmoja kila kitu. Akiwa na watoto wawili, theluthi mbili za mali yake ni haki yao. Wakiwa watatu au zaidi, ni robo tatu. Kodi nayo ni nzito, hasa urithi unapotoka nje ya mstari wa mzazi na mtoto: anayerithi kutoka kwa baba yake mdogo au mjomba wake leo hutozwa asilimia 55. Njia ambayo koo nyingi za mizabibu zimeichukua ni kuliweka shamba ndani ya kampuni ya familia. Tangu 1970 kuna hata aina ya kampuni iliyotungwa kwa ajili ya ardhi ya kilimo peke yake. Mzazi akifariki, watoto wanagawana hisa, na ardhi inabaki nzima. Anayeishi Paris anapata sehemu yake ya faida. Anayeijua kazi ndiye anayepogoa na kuvuna. Na kwa kawaida mzazi huanza kuzigawa hisa hizo mapema, yeye mwenyewe akiwa na nguvu za kuwasuluhisha watoto.

Kwetu Kongo, Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi na kuwapa robo tatu ya mali, bila kumtofautisha binti na kijana. Mjane naye anahesabiwa katika kundi la pili. Mashemeji wako wanasema desturi, lakini mahakama inapaswa kuifuata sheria, na ninakushauri kwa moyo wote uende kwa avoka kabla hujaweka kidole au saini kwenye karatasi yoyote.

Kuhusu ardhi yenyewe, hali yetu si ya Saint-Julien. Tangu sheria ya 1973 udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuutumia. Vijijini kwetu Bushi wengi bado wanashikilia shamba kwa kalinzi, yaani malipo ya kimila, waliyomtolea mwami au mkuu wa kijiji, na wengine hulima kwa bwasa, yaani kukodi kwa muda mfupi, ambayo haiwapi uhakika wa zaidi ya msimu. Shamba la kalinzi lisilo na sertifika ya uandikishaji ni vigumu kuliingiza katika kampuni. Likiwa na sertifika, njia ipo: nchi yetu inafuata sheria za biashara za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na familia inaweza kuunda kampuni ndogo ambamo mabinti wako watatu na kijana wako wana hisa. Kabla ya hapo, hata mapatano yaliyoandikwa mbele ya mashahidi, yanayosema nani analima na mavuno yanagawanywaje, ni kinga kubwa kuliko ahadi za mdomo.

Ndugu Mhariri, ninasoma kilimo hapa Ibanda. Tumeambiwa kwamba udongo wa Saint-Julien ni changarawe tupu. Kwa nini mmea wa thamani hivyo haupewi udongo wenye rutuba? Na ukungu wanaupigaje? (Mwanafunzi)

Mwanafunzi, mzabibu ukipewa udongo mnono hukimbilia kutoa majani na matawi, na zabibu zake huwa nyingi, kubwa na zenye maji. Changarawe ya Médoc, iliyoletwa na mito zamani sana, hupitisha maji ya mvua haraka, na mizizi hulazimika kushuka chini kuyatafuta. Mawe hayo pia hupokea joto la mchana, jambo lenye maana kubwa kwa aina ya zabibu iitwayo Cabernet Sauvignon, ambayo hukawia kuiva na ndiyo inayotawala katika mashamba ya Barton, ikifuatwa na Merlot na Cabernet Franc kidogo. Gironde iliyo karibu hupunguza ukali wa baridi, ingawa si kila mwaka: baridi ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi sana katika jimbo zima la Bordeaux. Mizabibu hupandwa kwa msongamano, takriban 9,000 hadi 10,000 kwa hekta, ili mashina yashindane na kila moja libebe vichala vichache.

Katika karne ya 19 mizabibu ya Ufaransa ilipigwa mara tatu na maradhi yaliyotoka Amerika Kaskazini. Ukungu wa unga ulianza, katika miaka ya 1850. Kisha kikaja kidudu cha filoksera, kilichoonekana kusini mwa nchi mwaka 1863, ambacho hufyonza mizizi mpaka mmea unakufa. Hakuna dawa iliyokiweza. Wokovu ulipatikana kwa kuchukua shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake inakistahimili, na kupandikiza juu yake kikonyo cha mzabibu wa Kifaransa. Hivyo ndivyo inavyofanyika hadi sasa.

Pigo la tatu lilikuwa ukungu wa majani, ulioonekana mwaka 1878, na dawa yake ilizaliwa hapo hapo Saint-Julien. Mwaka 1882, profesa Pierre-Marie-Alexis Millardet alipita karibu na shamba la Ducru-Beaucaillou, jirani wa Langoa, akaona kwamba mizabibu ya kando ya njia ilikuwa na majani mabichi huku ile ya ndani ikiwa imepukutika. Wenye shamba walikuwa wameinyunyizia ile ya kando shaba na chokaa ili wapita njia waogope kuiba zabibu. Millardet alifanya majaribio kwa miaka michache na kuutangaza mchanganyiko huo, ambao dunia nzima inauita kwa jina la Bordeaux. Wakulima wetu wanaoinyunyizia mikahawa dawa za shaba dhidi ya kutu ya majani wanatumia maarifa yaliyotokana na njia ile ya kijijini. Ila shaba haiozi. Hujilimbikiza udongoni na kudhuru viumbe vyake. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya tangu 2019 umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka saba. Ukihitimu, nenda nayo kanuni hiyo kwa wakulima wa Walungu na Kalehe, maana wengi wanapima dawa kwa macho.

Mimi ni mfanyabiashara wa Nyawera. Nimesikia divai hiyo hukaa ghalani karibu miaka miwili kabla ya kuuzwa. Familia inakula nini wakati huo wote? (Msomaji)

Ndugu msomaji, zabibu huchumwa kwa mikono mwezi Septemba na Oktoba, huchachuka katika matangi makubwa, kisha divai huhamishiwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225, kila pipa likitosha chupa 300, na hukaa humo takriban mwaka mmoja na nusu. Lakini Bordeaux wana desturi ya kuiuza ikiwa bado ndani ya mapipa. Katika majira ya kuchipua yanayofuata mavuno, wafanyabiashara huja kuonja, madalali huwaunganisha na wenye mashamba, bei hupangwa, na fedha hulipwa mapema ingawa chupa zitafika baadaye. Mfumo huo unahitaji imani ya mnunuzi, na hapa Anthony Barton anastahili heshima yangu: katika miaka ambayo majirani walipandisha bei kwa pupa, yeye alijulikana kwa kuiweka bei yake mahali ambapo mnunuzi atapata faida na kurudi mwaka ujao.

Je, mizabibu ya divai inaweza kustawi hapa Bukavu? (Wasomaji kadhaa wa Nguba na Panzi)

Mzabibu utaota, divai nzuri ni jambo jingine. Saint-Julien kuna majira ya baridi ambamo mmea hulala, na kiangazi cha kuivisha matunda. Kwetu mmea haulali, na mvua za kuanzia Septemba hadi Mei huleta ukungu usiokoma. Jirani zetu wa Dodoma, Tanzania, wamefaulu na huvuna hata mara mbili kwa mwaka, lakini Dodoma ni nchi kame kuliko Bukavu kwa mbali. Anayetaka zabibu za kula nyumbani apande mashina machache chini ya upenu, mahali ambapo jua linafika na mvua haianguki moja kwa moja juu ya majani, ayapogoe mwishoni mwa Aprili, na vichala vitaiva kama miezi minne baadaye, mvua ikiwa bado haijarudi.